Mwalimu Aliyechelewa Mara Moja

Jumamosi tarehe 21 Julai 2007, saa saba mchana, Mwalimu Mbarouk Sufian atafunga darasa lake la mwisho la Kikorea katika chumba namba nne cha chuo chetu hapa Tooting, London. La kwanza alilifungua Jumamosi tarehe 28 Septemba 1991. Ni miaka kumi na mitano na miezi kumi, kasoro wiki moja. Kwa muda wote huo, daftari la mahudhurio linaonyesha kwamba alichelewa mara moja. Tutalifikia hilo.

Wageni huuliza Mpemba wa Wete alikipata wapi Kikorea. Alikipata shambani. Mwaka 1968 alipelekwa Pyongyang, Korea Kaskazini, kusomea umwagiliaji wa mpunga, akakaa miaka sita. Alipohamia London hakukuta mpunga wa kumwagilia, akaajiriwa posta kupanga barua. Kazi hiyo aliifanya Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi alipanga maneno.

Lafudhi yake ilibaki ya kule alikosomea. Mwaka 1994 aliwapeleka wanafunzi New Malden, kwenye maduka ya Wakorea, wakanunue vitu kwa Kikorea. Mama mwenye duka alimsikiliza, akaweka chini kabichi aliyoishika, akamuuliza nani amemfundisha kuzungumza kama redio ya zamani. Mwalimu akamjibu kwamba ni wakulima. Mama yule alicheka mpaka akakaa, na tangu siku hiyo kila darasa jipya lilipelekwa kwake.

Umaarufu wake chuoni, hata hivyo, ulitokana na foleni. Waliosoma Kikorea wanajua kuwa pagumu pa mwanzo ni kueleza sifa za mtu au kitu. Sisi tunamtaja mtu kwanza, kisha tunaeleza habari zake: mtu anayekula wali. Mkorea anaanza na wali, anafuata na kula, na mtu anakuja mwisho kabisa: bap meongneun saram. Hata ukubwa na udogo kwao huenda kama vitenzi. Kuna keuda, yaani kuwa kubwa. Ukitaka kuisifu nyumba unaondoa mkia, yaani da, unaweka n, na sifa inatangulia: keun jip, nyumba kubwa.

Vitabu hueleza jambo hili kwa majedwali. Mwalimu Mbarouk aliligawa kwa kadi. Kila mwanafunzi alipewa neno lake, wakapangwa kuanzia mlangoni, na aliyeshika jina la mtu au kitu aliingia wa mwisho, akakalia kiti pekee chenye mikono katika chumba namba nne. Aliyewahi kukaa kabla ya sifa zake kufika alirudishwa mlangoni. Mhandisi mmoja wa madaraja alirudishwa mara tisa asubuhi moja. Amehitimu na anafanya kazi Busan.

Foleni ilimwathiri hata mwenyewe. Bi Lila wa kantini, mzaliwa wa Nairobi, anakumbuka siku Mwalimu alipofika kaunta akaomba yenye tangawizi, isiyo na sukari, ya moto sana, kisha akaanza kutafuta jina la kitu chenyewe. Bi Lila akamwambia, “Mwalimu, watu wanangoja nyuma yako. Taja kitu kwanza, sifa zake utanieleza kesho.” Tangu hapo alimwekea chai kabla hajafungua mdomo.

Alitangaza kustaafu mwaka 2005. Mkewe, Bi Ummukulthum, alifunga sanduku la kurudi Wete. Chuo kikampata kijana hodari, mwenye Kikorea safi kuliko cha Mwalimu, aliyegawa majedwali. Baada ya wiki tatu wanafunzi kumi na wanne walikuwa sita. Mwalimu akarudi, sanduku likafunguliwa. Mwaka uliofuata aliyeteuliwa hakutokea kabisa, na sanduku likafunguliwa mara ya pili. Mwaka huu uongozi uliandika wazi: kama hakuna mwalimu kufikia katikati ya Juni, kozi inafutwa na chumba namba nne kinakwenda kwa kompyuta. Bi Ummukulthum naye alisema wazi, kwa sauti iliyosikika ofisini kupitia simu: “Mbarouk, sanduku hili nalifunga mara ya tatu. Ukitaka kulifungua, utalifungua peke yako, mimi niko Wete.”

Mtu ambaye Mwalimu alimtaka ashike nafasi yake alikuwa mbele yake miaka kumi. Bi Sushila, mzaliwa wa Mombasa na muuza mapazia hapa Tooting, alijiandikisha mwaka 1997, mwanawe alipoposa msichana wa Seoul, kwa sababu hakutaka kukaa arusini akitabasamu bure mbele ya mama wa mkaza mwanawe. Alizungumza naye arusini, na hakuacha kuja darasani. Mwalimu alimwomba mara tatu ashike darasa. Mara tatu akajibu: “Mimi muuza mapazia, Mwalimu. Nani atanisikiliza?”

Jumamosi tarehe 19 Mei treni ya Mwalimu ilisimama kwenye handaki. Saa nne na dakika kumi na tano Jotham, karani wetu wa kozi, alipanda ngazi kwenda kuwaruhusu wanafunzi warudi nyumbani. Alikuta foleni imeshapangwa hadi koridoni. Bi Sushila ameshika kadi, akimwambia daktari wa meno mwenye miaka hamsini: “Rudi mlangoni! Nani kakukaribisha kukaa? Sifa zako bado ziko nje!” Daktari akarudi. Jotham naye akashuka.

Mwalimu alifika dakika kumi baadaye. Alitazama kupitia kioo cha mlango, akavua kofia, akageuka, akaenda kantini. Bi Lila akamuuliza kama leo hana darasa. “Ninalo,” alisema. “Lina mtu.” Akanywa chai, akaagiza ya pili, na ya pili hiyo hakuiharakisha.

Aliingia darasani saa tano na dakika kumi, akaomba radhi kwa ajili ya treni. Katika daftari aliandika kwa mkono wake: treni, dakika ishirini na tano. Dakika arobaini na tano zilizobaki hazina maelezo mpaka leo, na Jotham, ambaye hufuatilia hata kalamu zilizopotea, hakuyadai.

Bi Sushila aliambiwa ukweli na Bi Lila wiki iliyofuata. Alikasirika siku mbili. Siku ya tatu alijaza fomu ya kuomba kufundisha. Darasa lake la kwanza litaanza Jumamosi tarehe 22 Septemba, chumba namba nne, saa nne kamili. Bi Ummukulthum na mumewe wataondoka tarehe 4 Agosti, na sanduku moja ambalo halitafunguliwa mpaka Wete.

Kwenye hafla ya kumuaga, Jumamosi hiyo ya tarehe 21 Julai, kiti chenye mikono kitakuwa wazi. Tutapanga foleni kuanzia mlangoni, na mstaafu ataingia wa mwisho, kwa utaratibu wake mwenyewe: aliyepanga barua siku tano na maneno siku ya sita, aliyefungua sanduku mara mbili kwa ajili yetu, aliyekunywa vikombe viwili vya chai huku mtu mwingine akimfanyia kazi yake, tunayemshukuru, tunayemwombea afya, amani na Jumamosi nyingi za kuamka saa anayotaka, Mwalimu Mbarouk.