Chengachenga za Mwaka Mpya

Tangu basi litoke mji wa Namwon, Korea, dereva Gwak alikuwa ametega sikio. Nyuma yake, msichana alikuwa akimwonjesha bibi asiyemjua vipande vya shayiri, soya na ufuta alivyotengeneza nyumbani.

"Hii ni gangjeong, kashata yetu ya mwaka mpya, mjukuu wangu. Usinidanganye."

"Bibi, haina sukari! Ni protini na nyuzinyuzi tupu, ya mazoezi. Ila nikiikata inavunjikavunjika."

"Unaiacha ipoe! Kila mwaka mpya mama aliikata ingali moto, anaungua vidole huku anafoka. Chengachenga zilikuwa zetu watoto."

Gwak alimeza mate.

Msichana akamnyooshea bibi kipande kizima.

"Sitaki. Nimiminie chengachenga."

Kituoni bibi akashuka taratibu, chengachenga kazifumba ngumini. Gwak, ambaye hangoji mtu, akangoja.