Shafiq Kwenye Geti la Sangwa

VESTINE: Haloo, nani mwenzangu? Namba hii siijui.

SHAFIQ: Shafiq.

VESTINE: Shafiq yupi?

SHAFIQ: Wa ateliye ya ushonaji, Gikondo. Unajua akina Shafiq wangapi wenye cherehani Gikondo? Kila Jumamosi unafundisha mafundi wangu lugha ya alama.

VESTINE: Ah, boss. Muraho. Nawafundisha wao, wewe unakaa pembeni unakata vitambaa. Habari za—

SHAFIQ: Habari baadaye. "Rudi kazini" mnalisemaje kwa mikono?

VESTINE: Samahani?

SHAFIQ: Hilo pia nitalihitaji.

VESTINE: Unataka kuongea na nani? Wewe si ndiye uliyesema lugha ya alama ni kufukuza inzi?

SHAFIQ: Na Sangwa, fundi wangu. Niko Gatsata, nje ya geti lao. Namwona kwenye benchi uani, amenipa mgongo. Nimegonga geti mpaka majirani wametoka.

VESTINE: Umemgongea geti kiziwi.

SHAFIQ: Ndiyo.

VESTINE: Na kumwita?

SHAFIQ: Na kumwita. Usicheke.

VESTINE: Sicheki. Kwa nini yuko nyumbani mchana wote huu? Leo si siku ya kazi?

SHAFIQ: Ameondoka. Amekunja aproni, amechukua mkasi wake, ameondoka. Mkasi wake, mwalimu. Fundi akiondoka na mkasi wake hana mpango wa kurudi.

VESTINE: Umemfanya nini?

SHAFIQ: Kwa nini lazima iwe mimi?

VESTINE: Kwa sababu wewe ndiye uko kwenye geti.

SHAFIQ: Nina majoho ya kwaya, yanatakiwa Jumapili. Zile kola anaziweza yeye peke—

VESTINE: Sikuuliza habari za kola.

SHAFIQ: Haloo? Mtandao unakatika huku.

VESTINE: Haukatiki. Nasikia unavyopumua.

SHAFIQ: Walikuwa wananicheka.

VESTINE: Akina nani?

SHAFIQ: Wote. Audace, Umulisa, wote. Mashine zimesimama, Sangwa yuko katikati, anaongea nao kwa mikono. Ananiangalia, halafu anafanya hivi—

VESTINE: Boss, hii ni simu. "Hivi" siioni.

SHAFIQ: Anashika shingo kama mtu anayevuta futi ya kupimia. Anaivuta kwa hasira, anaitupa begani. Wanacheka. Anarudia. Audace anataka kuanguka kwenye kiti. Ndani ya ateliye yangu mwenyewe.

VESTINE: Wewe ukafanya nini?

SHAFIQ: Nilimwambia aache.

VESTINE: Ulimwambiaje? Huna hata alama moja.

SHAFIQ: Nili— ngoja, pikipiki inapita.

VESTINE: Imeshapita.

SHAFIQ: Nilimshika mikono.

VESTINE: Ulimshikaje?

SHAFIQ: Yote miwili. Nikaibana kwenye meza. Si kwa nguvu sana.

VESTINE: (kimya)

SHAFIQ: Mwalimu? Uko?

VESTINE: Niko. Mtu akikuziba mdomo kwa kiganja mbele ya mafundi wako, utamuuliza kama ametumia nguvu nyingi?

SHAFIQ: Sikuliona hivyo.

VESTINE: Sasa unaliona?

SHAFIQ: Wale wengine wameshanionyesha. Namwambia Audace ashone, ameweka mikono mfukoni. Ananiambia, boss, mikono imekatazwa humu. Nageuka kwa Umulisa, naye hivyohivyo. Wamekaa wote mikono mfukoni kama watu waliojikinga mvua.

VESTINE: Audace huyu anayesinzia darasani kwangu?

SHAFIQ: Huyohuyo.

VESTINE: Kumbe kuna kitu kimeingia. Sasa sikiliza. Ile ya futi siyo dhihaka, boss. Ni jina lako.

SHAFIQ: Jina langu ni Shafiq.

VESTINE: Hilo yeye atalisikia wapi? Viziwi wanakuangalia muda mrefu mpaka wanaona kitu chako, kitu ambacho wewe mwenyewe hukijui. Ndipo mmoja wao anakupa jina la mkono. Mimi langu ni hili la kusukuma miwani puani, na nililingoja sana. Hujipi mwenyewe, na huombi. Jumamosi Sangwa aliniambia la kwako ameshalipata. Alikuwa anafurahi kama mtu aliyekufichia zawadi. Leo alikuwa anawafundisha wenzake.

SHAFIQ: Na kucheka?

VESTINE: Wamecheka kwa sababu ni wewe kabisa. Ukikasirika unavuta futi shingoni, unaitupa begani. Hata mimi nimekuona.

SHAFIQ: Mimi sifanyi hivyo.

VESTINE: Sasa hivi futi iko wapi?

SHAFIQ: Begani.

VESTINE: Umeiona.

SHAFIQ: Nimepanda nayo pikipiki mpaka huku. Ngoja. Ngoja, amegeuka. Ameniona. Nipe maneno, haraka.

VESTINE: Kiganja kifuani, kizungushe polepole. Ndiko kuomba radhi.

SHAFIQ: Nimefanya. Ananiangalia tu.

VESTINE: Uso wako ukoje?

SHAFIQ: Uso wangu ni uso wangu.

VESTINE: Hapo ndipo penye shida. Kwao uso ndio sauti. Ukiomba radhi na uso wa mwenye nyumba anayedai kodi, yeye amesikia ugomvi.

SHAFIQ: Uso mwingine nitautoa wapi sasa hivi?

VESTINE: Ule uliokuleta Gatsata. Hukuja kwa sababu ya kola.

SHAFIQ: Umulisa anazijua kola.

VESTINE: Najua. Mimi niko nao kila Jumamosi.

SHAFIQ: Hata redio wamezima, mwalimu. Yeye hasikii redio, lakini ameondoka, na wao wameizima.

VESTINE: Usiniambie mimi. Mwambie yeye.

SHAFIQ: Kwa mkono mmoja? Huu mwingine una simu.

VESTINE: Basi weka simu mfukoni.

SHAFIQ: Nikiweka, nani ataniambia la kufanya?

VESTINE: Hakuna.

SHAFIQ: Vestine, mimi—

VESTINE: Weka, boss.

(kimya)

VESTINE: Haloo?

(kimya)

VESTINE: Nasikia mfuko. Nasikia kuku. Hilo ni geti? Shafiq, hilo ni geti linafunguka?

(kimya)

VESTINE: Semeni basi kitu na mimi nisikie. Jamani, mtu mzima nangoja kusikia mikono.

(mlio wa viatu kwenye changarawe)

SHAFIQ: Mwalimu.

VESTINE: Niko. Niko.

SHAFIQ: Amefungua. Nikanyoosha mikono yangu. Nikampa aishike.

VESTINE: Akaishika?

SHAFIQ: Ameibana kwenye nguzo ya geti. Yote miwili.

VESTINE: Kwa nguvu?

SHAFIQ: Kwa nguvu sana.

VESTINE: (anacheka) Vizuri.

SHAFIQ: Nilikuwa na la kusema, mwalimu. Mikono ikiwa imebanwa, halikuwa na pa kutokea. Na simu inalia, salio linakwisha.

VESTINE: Sasa anafanya nini?

SHAFIQ: Ananionyesha kwa kidole tu, kama mtu asiyenijua. Ile ya futi haifanyi.

VESTINE: Amelichukua jina alilokupa.

SHAFIQ: Atalirudisha lini?

VESTINE: Hilo halidaiwi, boss.

SHAFIQ: Kwa hiyo naondoka?

VESTINE: Amefunga geti?

SHAFIQ: Hapana. Sasa ananyoosha kidole kwenye benchi. Ametoa mkasi hapo, ameusogeza pembeni.

VESTINE: Umebaki upana wa mtu?

SHAFIQ: Umebaki.

VESTINE: Basi.

SHAFIQ: Haraka kabla haijakata. "Nitangoja" mnalisemaje?

VESTINE: Hilo halitaki mikono. Kaa tu, ata—

SHAFIQ: Haloo? Mwalimu? Nikae upande gani?