Aliyeipaka Breki Mafuta ya Nazi

Wasikilizaji wapendwa, kaeni kitako, maana tunayemkumbuka leo yeye mwenyewe hakukaa. Jina lake Mwahija binti Fakihi, wa Kilwa Kivinje. Amefariki mwezi uliopita akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili. Narudia: Mwahija binti Fakihi, wa Kilwa Kivinje. Hakuwa mwalimu, hakuwa mwimbaji, hakuwa mke wa liwali. Alikuwa mwanamke wa nyumbani aliyeosha pikipiki. Nawasikia mnaguna. Haya, guneni, halafu mnisikilize. Mwanamke huyu ameacha neno moja alilotaka lisemwe redioni, nalo linahusu jina la mtu mwingine, fundi mmoja wa Mtama, aliyeharibikiwa kwa kosa lisilo lake. Neno hilo lilimkaa kooni miaka tisa, na leo nimepewa mimi nilitoe.

Mumewe ni Bwana Salumu Tawakali. Kazi yake ilikuwa kuchoma sindano za buba, ule ugonjwa wa vidonda. Alipewa pikipiki ya serikali, na kila baada ya wiki mbili alitoka Kivinje na sanduku la dawa nyuma, akaenda mpaka Likawage na vijiji vya huko juu, akarudi siku ya tatu mgongo umekufa ganzi. Sasa Kivinje, mnaijua. Hewa yake ina chumvi, na chumvi hula chuma. Pikipiki mbili za kabla ya hiyo zilikuwa zimekwisha kuliwa. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi alikuja mkaguzi, Bwana mmoja wa Kizungu mwenye leso nyeupe, akaipitisha leso kwenye rimu. Leso ikitoka na wekundu wa kutu, Salumu huonywa. Maonyo matatu, pikipiki inarudi, na kazi inarudi nayo. Tena kulikuwa na amri: asiiguse mtu mwingine ila mwendeshaji na fundi.

Amri ni amri, lakini mgongo wa Salumu nao ulikuwa mgongo. Akifika nyumbani alilala kama gogo. Mwahija akafunga mlango wa uani, akajitanda kanga yake vizuri, akaifanya kazi yeye.

Binti yake, Samia, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili, ndiye aliyenieleza jinsi alivyoiosha. Kwanza vumbi, kwa ufagio wa chelewa, kavukavu, kabla tone la maji halijagusa. Halafu maji kwa kata, taratibu, juu kwenda chini. Halafu dodoki na sabuni ya mche. Matope ya Likawage ni meusi, yananata, na yakikaukia kwenye ekzosi hayatoki kwa maneno matamu. Hayo aliyakwangua kwa kipande cha kifuu. Palipoanza kutu alisugua kwa majani ya msasa. Rimu alizing'arisha kwa majivu na ndimu, spoki moja baada ya nyingine, akizihesabu kwa midomo. Mnyororo aliufuta kwa mafuta ya taa. Na mwisho wa yote, mafuta ya nazi, aliyoyapika mwenyewe, tangi, madigadi, usukani, kila mahali.

Kuhusu hayo mafuta ya nazi hakuwa na mjadala. Kwao kitu kikishaoga hupakwa mafuta. Mtoto mchanga hupakwa, bibi harusi hupakwa, hata mlango wa mbao ukishapigwa maji hupakwa. Kukiacha kitu kimeoga halafu kimepauka ni aibu ya mwenye nyumba. Samia anasema, "Mama alikuwa hawezi kupita karibu na kitu kilichopauka. Miguu yako ikiwa na vumbi alikupaka ukiwa unatembea."

Na hapo, wasikilizaji, ndipo palipozaliwa msiba.

Ilikuwa mwaka wa hamsini. Mkaguzi anatarajiwa Jumamosi, na Salumu ana maonyo mawili tayari. Mwahija hana raha, anaingia anatoka, chungu kinaungua mekoni. Alhamisi akaja fundi wa idara, Klementi Nikodemu, mtu wa Mtama, kubadilisha breki ya nyuma. Klementi alikuwa mpole, Mkristo wa misheni, na alijua kazi yake. Narudia hilo: alijua kazi yake. Akafungua gurudumu la nyuma, akaweka vile vipande viwili vipya vinavyobana ndani ili pikipiki isimame. Nati moja ikawa imekufa. Akaenda kutafuta nyingine sokoni, gurudumu akaliacha wazi uani.

Mwahija akapita. Akaviona vile vipande viwili, vipya, vikavu, vimepauka kama midomo ya mfungaji wakati wa alasiri. Akavionea huruma! Akachovya vidole kwenye kibakuli, akavipaka. Akavipaka vizuri, mbele na nyuma, kama anavyopaka mtoto. Klementi akarudi na nati, akalifunga gurudumu. Pikipiki nzima ilikuwa inanukia nazi tangu asubuhi, angejuaje? Akaisukuma uani, akakanyaga breki, ikasimama. Akaaga akaenda zake.

Jumamosi leso ilitoka nyeupe. Mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Jumatatu Salumu akaondoka kwenda Likawage, na kabla ya kufika kuna mteremko mrefu unaoingia kijitoni. Breki ya mbele ilikuwa dhaifu siku zote, aliitegemea ya nyuma. Akaikanyaga ile ya nyuma, lakini mafuta yalikwisha pata moto yakaenea, na ya nyuma haikushika. Mguu wake wa kulia ulivunjika mahali pawili. Chupa za dawa zilipasuka zote, na kule juu kina mama waliokuwa wamepanga foleni tangu alfajiri na watoto wao wenye vidonda walirudi makwao bila sindano.

Pikipiki ililetwa na lori mpaka uani kwa Mwahija. Mkaguzi akaja, Klementi akaitwa, akaambiwa afungue gurudumu. Mwahija alisimama nyuma ya mlango, kanga ameiuma kwa meno. Alimwona fundi akifungua, akiinama. Kisha akakipangusa kile kipande kwa tambara, haraka. Mkaguzi akauliza ni nani mwingine aliyeigusa mashine hii. Klementi akajibu maneno matatu tu:

"Gurudumu nililifunga mimi."

Siku hiyohiyo akaachishwa kazi. Mwahija alifungua mdomo, Samia ananiambia mama yake aliapa kwamba aliufungua. Lakini akisema, amri imevunjwa, na Salumu anafukuzwa akiwa hospitali mguu umefungwa mbao. Basi akanyamaza, na Klementi akafunga mizigo yake akarudi kwao Mtama.

Tangu hapo mwanamke yule hakutulia. Salumu alipona, akawa anachechemea, akarudishiwa pikipiki. Mwahija akaiosha kuliko zamani. Aliiosha ikiwa chafu, akaiosha ikiwa safi. Alikuwa anainuka katikati ya chakula, tonge mkononi, kwenda kutazama spoki. Lakini mafuta ya nazi hakuyatia tena hata tone. Salumu alipouliza, akamjibu kwamba nazi mwaka huu ni mbovu. Mwaka uliofuata akajibu hivyohivyo. Ukaguzi baada ya ukaguzi Salumu alisifiwa, pikipiki yake ikatajwa hata Lindi, na kila sifa ilimchoma mkewe. Mvua zikianza, mguu ukauma, na Salumu akasema, "Mwenyezi Mungu amlipe yule fundi." Mwahija huinuka hapohapo akashika ufagio. Majirani wakamwita Bi Hatui. Wakacheka, naye akacheka nao, anafagia.

Mwaka huu mwanzo wa kiangazi akapata habari kwa mtu wa Mtama aliyekuja kuuza ufuta. Akamwuliza, kijuujuu tu, kama anamfahamu fundi mmoja aitwaye Klementi. Yule mtu akacheka. Kumbe pale watu humwita Fundi Haishiki. Habari za ajali zilimtangulia, na hakuna aliyempelekea hata baiskeli. Analima karanga.

Mwahija hakulala. Alikuwa na kikohozi kibaya tayari, lakini alimwambia Salumu anakwenda Lindi kumwona shangazi yake. Akapanda basi, akapanda lori, akafika Mtama na vumbi mpaka kwenye kope. Akamkuta Klementi na mkewe, Brigita, wanamenya karanga barazani. Akampa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaletewa kigoda. Hakukaa. Maneno yao nimeyapata kwa Samia, aliyeyaandika mama yake akiyasema kitandani.

"Fundi, breki ile niliipaka mafuta mimi. Mafuta ya nazi. Nilidhani imepauka."

"Najua, mama Samia."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile nilipofungua. Grisi hainuki nazi."

Mnadhani alifurahi? Mwahija alipandwa na hasira. Alimwambia miaka tisa hajala akashiba, kumbe mwenzake anajua na ameketi anamenya karanga! Kwa nini hakusema? Kwa nini hakumtumia hata salamu? Brigita akainuka amtulize, Klementi akamzuia mkewe kwa mkono. Akamwacha Mwahija aseme mpaka apungukiwe pumzi. Kisha akamjibu.

"Mumeo alikuwa amelala mguu umevunjika. Ningesema, wangemfukuza. Mimi nilikuwa na mikono mizima. Nikasema nitapata kazi pengine."

Akatupa ganda.

"Sikupata."

Hapo ndipo Mwahija alipokaa chini, wala si kwenye kigoda, akalia. Akasema atakwenda kutangaza kesho. Klementi akakataa katakata. Salumu bado yumo kazini, akasema, na kama ni kumwaga unga wa mwenzake, asingenyamaza miaka yote ile. Wakaachana hivyo. Brigita akamfungia karanga za njiani.

Alirudi Kivinje akashuka garini homa imempanda. Hakuinuka tena sawasawa. Siku moja baada ya alasiri alimwita Salumu, akamweleza yote, kuanzia kibakuli mpaka karanga. Salumu akatoka. Siku mbili hakuingia chumbani humo. Siku ya tatu akaja, akasimama mlangoni.

"Alinyamaza kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya mguu wako."

Bwana Salumu ananiambia alilia mbele ya mkewe kwa mara ya kwanza. Akaahidi atasema, ofisini na redioni, kama alivyotaka mkewe. Na msidhani Mwahija alitulia kwa ahadi. Alimwuliza, "Lini?" Salumu akamwambia ukishapona. Mwahija akamjibu, "Usiningoje mimi." Alfajiri ya Alhamisi akaaga dunia. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea.

Salumu alimzika mkewe, akakaa matanga. Yalipoanuliwa akaiosha pikipiki kwa mikono yake, akaisukuma mpaka ofisini pamoja na barua aliyoandika kwamba aliiacha mashine ya serikali iguswe na asiyeruhusiwa, na kwamba fundi hana kosa. Alijua jibu litakuwa nini. Jibu limekuja juma hili, na Bwana Salumu hana kazi tena. Kisha akasafiri mpaka hapa Dar es Salaam, anachechemea, akaingia chumba hiki ninachosemea. Nilimwuliza kama anajuta. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa upuuzi, na kweli nilikuwa nimeuliza upuuzi. Akasema, "Nimemlaani miaka tisa mtu aliyekuwa ananilisha. Wewe soma tu, na jina lake ulitaje lote."

Basi nalitaja. Klementi Nikodemu, wa Mtama, alilifunga gurudumu lile sawasawa. Breki ilipakwa mafuta na Mwahija binti Fakihi, wa Kilwa Kivinje, kwa kutojua na kwa huruma. Narudia, kwa aliyekuwa anapunguza sauti ya redio au anamnyamazisha mtoto: Klementi Nikodemu, wa Mtama, hana kosa.

Tunatoa pole kwa Bwana Salumu Tawakali, kwa Samia na wanawe, na kwa jamaa wote wa Kivinje. Pole hiyo imfikie na Bwana Klementi na Bi Brigita, maana nao wamefiwa. Mungu amlaze marehemu mahali pema. Na sisi tulio hai, wasikilizaji wapendwa, kila mmoja ajiulize moyoni mwake: ni nani anayebeba jina baya badala yangu, nami nimesimama nyuma ya mlango? Ukimjua, mfuate. Usingoje upone, usingoje astaafu mtu.

Na ninyi wa Mtama, nina neno na ninyi. Mlicheka, sasa inukeni. Nyumba yake ni ya tatu kutoka kanisani, upande wa njia ya kwenda Masasi. Mwenye baiskeli inayolia, ampelekee kesho asubuhi. Spana anazo zote, amezifunga katika gunia chini ya kitanda. Bi Brigita alimwambia marehemu kwamba kila Jumapili mumewe huzitoa, akazifuta moja moja, akazirudisha.