Delmer Hatcher na Mswada Uliomfia Bungeni

Marehemu Delmer Ray Hatcher alizaliwa tarehe 9 Machi 1952 hapa Lick Hollow, West Virginia. Alisoma hadi darasa la kumi, na mwaka 1971 akaingia mgodini kuchimba makaa ya mawe. Alitoka mwaka 2006, vumbi limemjaa mapafuni.

Tarehe 14 Juni 1975 alimwoa Oneida Blevins. Siku alipokwenda kuposa, alipakuliwa maharage yasiyo na chumvi hata chembe. Akala, akaomba tena, akamshukuru mama mkwe. Ndivyo alivyokuwa, mvumilivu kupita kiasi, na Bunge likauchezea uvumilivu huo.

Alichotaka ni kimoja: mjane wa mchimbaji aendelee kupokea malipo ya mumewe bila kuanza upya kuthibitisha kwamba vumbi ndilo lililomuua. Mswada ulipelekwa katika Bunge la Marekani, Washington. Lakini Bunge huishi miaka miwili tu, kikao kimoja kila mwaka. Ikifika adhuhuri ya tarehe 3 Januari ya mwaka wa kufa kwake, kila mswada ambao haujapita kote kuwili, kwa Wawakilishi na kwa Maseneta, unakufa nalo. Bunge jipya linaanza na namba mpya na hotuba zile zile. Wa Delmer ulikufa hivyo mara mbili. Inatia kinyaa.

Mara ya tatu Wawakilishi waliupitisha. Agosti 2022 Delmer alisikia kwamba Seneti inakutana Ijumaa, akapanda basi na Oneida hadi Washington, akiburuta mtungi wake wa oksijeni. Seneta mmoja akaingia ukumbini mtupu, akagonga nyundo, akafungua, akafunga, akaenda zake. Delmer alibaki ameketi. Akamuuliza bawabu wengine wanakuja saa ngapi.

“Ndiyo imekwisha, mzee,” bawabu akamwambia. “Wako likizo. Katiba haiwaruhusu kukaa zaidi ya siku tatu bila kukutana mpaka Wawakilishi wakubali, kwa hiyo mmoja anakuja kugonga nyundo.”

“Huo nao ni mkutano?”

“Unahesabiwa.”

Delmer akaburuta mtungi wake hadi kwenye basi la kurudi nyumbani. Januari 3 mswada ukafa tena. Naye alizidiwa, akafariki tarehe 11 Februari 2023, Oneida amemshika mkono.

Jana kijana wa ofisi ya seneta wetu alileta bendera iliyopepea juu ya jengo la Bunge, na salamu kwamba mheshimiwa atauwasilisha mswada upya, asubiriwe, muhula wake bado una miaka minne. Oneida alimrudishia bendera yake.

“Mwambie mimi Jumatatu naanza kuthibitisha mume wangu ameuawa na nini,” alisema. “Yeye aendelee kugonga nyundo.”

Marehemu ameacha mjane, Oneida, watoto wawili, Darlene na Wendell, na wajukuu watano. Wendell bado yuko mgodini, na ameanza kukohoa.

Delmer apumzike kwa amani. Bunge limeshapumzika vya kutosha.