Sista Rael na Mtoto wa Kuazima

Wasikilizaji wapendwa, ejok, hamjambo. Vuteni viti, watoto wapunguze kelele, redio iacheni ilivyo. Leo tunamkumbuka Sista Rael Chepkemoi, mkunga wa Kakuma, tuliyemzika Jumamosi.

Lakini mwaka 1976 Rael hakuwa mkunga. Alikuwa mwanafunzi. Msichana wa Kericho, mrefu, mwoga wa nge, aliyeletwa Lodwar na kisha zahanati ya Kakuma kujifunza kazi kwa vitendo. Alikuwa amebakiza jambo moja: kumzalisha mama mmoja mbele ya mwalimu wake. Mama mmoja tu. Asipompata hafuzu, anarudi nyumbani na sanduku lake.

Na akina mama wa Kakuma walimkataa. Walimwuliza, "Wewe una watoto wangapi?" Akisema hana, wanabeba shuka zao na kwenda kuzalia nyumbani. Msichana ambaye hajazaa atamwambia nini mtu aliye na uchungu? Kusema kweli, walikuwa na hoja.

Mzee Lokwang, aliyemwoa baadaye, aliniambia: "Rael alifagia hiyo wodi tupu mpaka simiti ikachoka."

Basi Rael akaazima mtoto. Ndiyo, aliazima! Aliitwa Ekwam, mtoto wa Amuria, mpishi wa zahanati. Rael alimfunga mgongoni kwa kanga, akaingia wodini kwa mwendo wa mama mzazi. Ekwam leo ni dereva wa lori huko Lokichar, na anajisifu: "Mimi niliandikwa kazi kabla sijaota meno. Mshahara wangu ulikuwa uji."

Hila ikafaulu. Akaja Akuwam, mimba yake ya tatu, uchungu umemshika. Akamwona mtoto mgongoni mwa Rael, akaridhika, akapanda kitandani.

Mara Landrova ya Lodwar ikasimama nje. Mwalimu wake, Mugure, huyo! Hakuwa ameolewa, hakuwa na mtoto, na alinusa uongo kabla hujafungua mdomo. Tena chuo chao kilikuwa na sheria: mwanafunzi akizaa, anafukuzwa.

"Rael! Huyo mgongoni ni wa nani?"

Rael akapiga hesabu. Akisema ni wake, anafukuzwa. Akisema si wake, Akuwam anaondoka. Maji yamemfika shingoni. Na Ekwam, badala ya kumsaidia, akamkojolea.

"Si wangu, Mwalimu. Nimemwazima." Machozi yakamtoka.

Akuwam akashuka kitandani, ameshika kiuno. "Hii nyumba iko na mtu amezaa kweli? Ama mimi naenda?"

Mwalimu Mugure alizoea kuwaadhibu wanafunzi kwa uongo mdogo kabisa. Akavua miwani, akaifuta polepole.

"Mimi," akasema. "Nimezaa saba."

"Saba?"

"Saba. Na huyu nimemfundisha mwenyewe. Atakushika yeye, mimi niko nyuma yake."

Akuwam akarudi kitandani. Kabla jua halijatua, Rael alikuwa amekumbatia mtoto wa kike, na yeye Rael ndiye aliyelia kwa sauti zaidi. Alifuzu. Akaomba mwenyewe kurudishwa Kakuma, akazalisha hapo mpaka alipostaafu. Wengi mnaonisikiliza mmepita mikononi mwake.

Pole mzee Lokwang. Poleni watoto na wajukuu, poleni Kakuma nzima. Mungu amlaze pema. Nasi tujiulize, wasikilizaji wapendwa: siku tutakapolala hospitalini, aje mwanafunzi na sindano yake ya kwanza, tutamfukuza?

Jana nilimtembelea Bibi Akuwam. Yuko hai, na meno yake karibu yote. Nikamwuliza kama aliamini kweli ile hadithi ya watoto saba. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mama ya watoto saba atatoa wapi viatu safi namna ile? Nilijua ni uongo."

"Sasa bibi, kwa nini ulirudi kitandani?"

Akajifuta macho.

"Ile msichana ilikuwa inalia sana. Nikasema, wacha ijifunze na mimi."