Mama Filimbi na Dakika Zake Kumi

Leo, Jumatatu tarehe thelathini, Mwalimu wetu wa michezo anarudisha ofisini funguo za stoo ya mipira baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Wanafunzi na wazazi wanamwita Mama Filimbi, na baadhi yetu walimu tunalazimika kufikiri kidogo kabla ya kulikumbuka jina lililo kwenye barua yake ya ajira. Hafla inafanyika bwaloni. Viti vya mbele, kwa agizo lake mwenyewe, ni vya wageni.

Wasifu huu ulikuwa tayari tangu wiki mbili zilizopita. Ulikuwa na sentensi moja ambayo kamati ya hafla iliipenda kuliko zote, kwamba katika miaka yote hiyo, katikati ya wazazi waliopandwa na mori, Mwalimu hakuwahi hata mara moja kumpigia mwamuzi kelele. Kisha ikaja mechi ya Jumamosi. Sentensi imefutwa, wasifu nimeuandika upya jana mchana, na tangu hapo mimi na kamati tunatazamana kama watu walioingia nyumba isiyo yao. Tutafika huko. Kwanza kazi yake, maana haifai siku moja iimeze miaka yote.

Alifika hapa akiwa kijana, kufundisha jiografia. Michezo alipewa kwa sababu mwalimu aliyekuwa nayo alihama na hakuna mwingine aliyeitaka. Uwanja wa mpira wa pete ulikuwa na pete moja tu. Ya pili ilikuwa imeng'olewa kufunga tangi la maji, na kila aliyeulizwa alisema tangi ni muhimu zaidi. Mwalimu alikwenda kwa fundi wa kuchomelea aliye nyuma ya shule, akakaa pale kwenye ndoo iliyopinduliwa mpaka pete mpya ikapoa, akaibeba mwenyewe begani. Timu zake zimeleta makombe sita ya shule za jirani, na yako kabatini kwa anayetaka kuyaona. Yeye huyapita bila kuyatazama. Anazopenda kusimulia ni mechi tulizofungwa vizuri.

Watoto hawakuwahi kumsumbua sana. Mtoto akifungwa hulia, hunywa maji, akasahau. Shida ilikuwa kando ya uwanja. Mama mpole ambaye siku za wiki humsalimu hata mlinzi wa geti kwa sauti ya chini, Jumamosi alikuwa akiuliza kwa nguvu mwamuzi huyu kazaliwa na nani. Baba mwingine alikuwa akitembea na mstari mzima wa uwanja, huku na huko, akimfundisha binti yake kucheza kana kwamba mwalimu hayupo. Akipenda, chongo huita kengeza, na hakuna apendaye kama mzazi anayemtazama mwanawe na mpira.

Baba huyo wa kutembea na mstari alikuwa yule yule fundi wa kuchomelea. Sauti yake ilikuwa imezoea kushindana na mashine, kwa hiyo watu walimwita Spika. Binti yake alikuwa mlinzi wa goli. Siku moja mwamuzi alimpulizia binti faulo, na Spika akanguruma mpaka ng'ambo ya barabara watu wakasimama: “Refa! Hayo ni macho au vifungo vya shati?” Uwanja mzima ulicheka isipokuwa watu wawili, mwamuzi na binti. Jumatatu yake asubuhi binti alileta kizibao chake cha timu kwa Mwalimu, kimefuliwa na kupigwa pasi, akasema hatacheza tena.

Mwalimu hakumwandikia mzazi barua wala hakumpiga marufuku uwanjani. Alikwenda karakana, akangoja fundi ainue barakoa yake ya chuma, akamwambia: “Fundi, Jumanne saa kumi jioni uje uwanjani. Nina filimbi ya ziada.”

Alikuja na buti za kazi. Mechi ilikuwa ya darasa kwa darasa, dakika kumi tu, na binti alikuwa amebembelezwa kucheza mara hiyo moja. Kwa muda Spika hakupuliza kabisa. Kisha akapuliza mfululizo, mara nyingine bila sababu anayoijua. Watoto kumi na wanne wakamzunguka. “Fundi, kanisukuma!” “Mwongo, kajiangusha mwenyewe!” “Mpira wetu huo, jamani!” Alimtazama Mwalimu kumwomba msaada, lakini Mwalimu alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, na viatu vyake siku hiyo havikuwa na kamba. Mwishowe Spika akampulizia faulo binti yake mwenyewe. Kama ilikuwa faulo kweli, hakuna ajuaye mpaka leo. Alitoka akaketi chini, akanywa maji kikombe kizima, akasema: “Mwalimu, kule ndani mtu haoni kitu.”

“Ndivyo,” alijibiwa. “Basi Jumamosi uje ushangilie.”

Binti alikichukua kizibao chake kesho yake. Na huo ndio mwanzo wa sheria ambayo shule hii inajulikana kwayo: mzazi au shabiki anayemtukana mwamuzi hupewa filimbi, na Jumanne inayofuata, saa kumi jioni, huchezesha dakika kumi. Haina faini wala haina msamaha. Amepuliza daktari, amepuliza muuza duka, amepuliza mkuu wa shule aliyepita. Kuna bibi mmoja aliyekuja na mkongojo, akachezesha akiwa ameketi kitini, na akazipa timu zote mbili faulo kwa kukosa adabu. Wengi hurudi nyumbani wamechanganyikiwa, na Mwalimu alikuwa akisema kuchanganyikiwa ndiyo dawa yenyewe. Anayejiona hana hakika hawezi kutukana kwa sauti kubwa.

Spika peke yake aliendelea kuja Jumanne bila kuitwa. Alifanya mitihani ya uamuzi, akaishinda, na kwa miaka mingi sasa ni mwamuzi rasmi wa mashindano ya shule. Sauti yake anaihifadhi. Anasema filimbi inatosha.

Lipo jambo jingine ambalo mimi, kama msimamizi wa maktaba, nina wajibu wa kulitaja. Nilipofika hapa nilikuwa mgeni wa kweli. Shule niliyochezea utotoni iko mahali ambapo siwezi kurudi, na sina hakika kama imesimama. Wiki yangu ya kwanza Mwalimu aliingia maktaba na ndoo ya maji ya baridi na vikombe, akaniambia nisimame getini kila Jumamosi nipokee wazazi wa timu pinzani na kuwaketisha chini ya turubai, kwenye kivuli. Nikamwuliza kwa nini mimi, nisiyemjua mtu. Akasema: “Ndiyo maana. Wewe unajua mgeni akifika anatazama wapi.” Wenyeji wetu walikaa juani, tena walinung'unika. Naye akawaongezea kazi: kila mzazi wa hapa akamwulize mzazi wa kule jina la mtoto wake, na akimwona huyo mtoto amecheza vizuri amshangilie kwa jina. Ni vigumu kumzomea mtoto unayemjua jina, na ni vigumu zaidi mama yake akiwa ameshika kikombe chako.

Sasa Jumamosi.

Ilikuwa fainali ya muhula, sisi na shule ya jirani. Mfungaji wao ni mjukuu wa Mwalimu, mtoto wa binti yake, anayesoma kule kwa sababu ndiko wazazi wake wanakoishi. Kwa kuwa ni damu yake, Mwalimu alijitoa katika shughuli zote za mechi. Binti yake alimshika mkono getini: “Mama, leo wewe ni mgeni. Kaa kivulini.” Nikampa maji. Alikipokea kikombe kama mtu aliyepewa kitu asichokijua matumizi yake. Mwamuzi alikuwa Spika.

Tuliongoza kwa goli moja, na muda ulikuwa unayoyoma. Mjukuu alidaka mpira chini ya pete, akageuka, akarusha. Mpira uliingia. Lakini filimbi ilikuwa imeshalia: ametembea na mpira. Goli halipo, mpira wetu. Na kabla hata shangwe yetu haijatoka mdomoni, ikatoka sauti chini ya turubai:

“Refa! Hayo ni macho au vifungo vya shati?”

Tuligeuka wote kumtafuta mzazi mgeni asiyejua taratibu za hapa. Tulitazama mstari wa mbele, tukatazama wa nyuma. Aliyekuwa amesimama ni mmoja tu, na alikuwa Mama Filimbi.

Sijawahi kuona watu wazima wengi hivyo wasiojua la kufanya na mikono yao. Wazazi wetu walikuwa wanashinda, lakini mwalimu wao alikuwa analalamika kwa niaba ya wapinzani. Je, wapige makofi? Wageni walikuwa wananyimwa goli, lakini mchana kutwa walikuwa wameelezwa kwamba hapa hakuna kumzomea mwamuzi. Je, wamuunge mkono? Mama mmoja wa kwetu alipiga kofi moja, akaona haya, akamwomba radhi jirani yake mgeni. Yule akajibu: “Sijui hata mimi, mwenzangu. Kwani tumefunga au hatukufunga?” Na chini ya pete mjukuu alisema, “Bibi!”, kwa ile sauti ya mtoto aliyeaibishwa na mtu wake, na nadhani Spika aliitambua, maana aliwahi kuwa na binti wa umri huo.

Nyuma yangu baba mmoja, ambaye mwaka jana alichezesha dakika zake kumi na kutoka jasho, alimnong'oneza mwenzake: “Tulia. Kama hii ni sheria ya sisi wadogo tu, leo tutajua.” Hilo ndilo lililokuwa kwenye mizani. Sheria hii haijaandikwa popote. Iliishi kwa sababu haikumruka mtu. Ingemruka yeye, Jumamosi inayofuata kila mtu angekuwa na sababu ya kurukwa, na watoto wangeanza tena kurudisha vizibao.

Spika aliumalizia mchezo, akapuliza ya mwisho, akawapa mikono wachezaji wote kama kawaida yake. Kisha akaanza kutembea kuelekea kwenye turubai, taratibu, kama mtu anayevuka mto asioujua kina chake. Alisimama mbele ya mwanamke aliyemfundisha kila anachokijua uwanjani. Akaivua filimbi shingoni, akaiweka katika kiganja cha Mwalimu. Aliposema, sauti iliyompa jina haikufika hata mstari wa pili.

“Mwalimu. Jumanne, saa kumi jioni.”

“Jumanne nitakuwa nimeshastaafu, Fundi.”

“Hata mimi sikuwa nimeajiriwa hapa, Mwalimu.”

Mwalimu aliigeuza filimbi kiganjani. Akaivaa. Hapo pande zote mbili zililipuka kwa makofi na vigelegele, na ukimwuliza mtu yeyote alikuwa anamshangilia nani, hatakujibu upesi.

Tangu hapo tumejaribu kuelewa. Kamati ya hafla inasema alifanya makusudi, ajaribu sheria kabla ya kuondoka, na ushahidi wao ni kwamba maneno yalikuwa yale yale ya Spika, neno kwa neno. Wapishi wa bwaloni wanasema hakuna makusudi yoyote, mjukuu ni mjukuu, na maneno yalikuwa yamekaa kichwani yakingoja siku. Mimi nashuku kwamba alikuwa anatafuta sababu ya kurudi Jumanne, lakini huenda nampa huzuni iliyo yangu. Jana alipopita kuhesabu mipira nilimwuliza. Alisema, “Nilimwona hakutembea.” Akarudi kwenye mipira yake. Spika naye anasema aliuona mguu ukiburutwa. Mtoto mwenyewe anasema hakumbuki. Mimi nilikuwa namimina maji. Kombe la saba liko kabatini na hakuna anayeweza kuapa kwamba ni letu.

Mwalimu, tunakushukuru kwa pete uliyoibeba begani, kwa kivuli ulichowapa wageni, nami nikiwemo, na kwa watoto waliobaki uwanjani kwa sababu uliwafundisha wazazi wao kunyamaza kidogo. Wazazi wa shule zote mbili wameuliza kama wanaruhusiwa kuja kesho kukutazama. Wanaruhusiwa. Spika ameahidi kwamba msaada ukihitajika, atakuwa anafunga kamba za viatu. Na mjukuu wako ameomba kucheza.

Maisha mema, Mwalimu, marefu na yenye afya. Yanaanza kesho, saa kumi na dakika kumi.