Maji Ndani ya Mguu wa Mjomba

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Cheche, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kitinda mimba katika familia ya watoto saba. Alimaliza darasa la saba, akaenda chuo cha ufundi na kuhitimu uchomeleaji mwaka 1971. Mwalimu wake alimwandikia: "Mikono mizuri, haraka nyingi."

Mwaka 1976 alitengeneza geti nyumbani kwa binti mmoja mshonaji. Geti likagoma kufunguka. Alirudi mara nne kulirekebisha, na mara ya nne baba wa binti akamwambia, "Kijana, sema unachotaka, geti langu uliache." Walifunga ndoa tarehe 2 Julai mwaka uliofuata.

Alichomelea vitanda, madirisha na matela kwa miaka thelathini. Mwaka 2006 jiji lilimpa kazi ya sanamu: mtu wa chuma wa mita sita, anayetazama saa yake, pale njia panda ya stendi. Watu wakamwita Mjomba. "Tukutane kwa Mjomba," ndivyo mnavyosema mpaka leo. Wanaosubiri gari hujikinga jua kivulini mwake, na watoto hupanda kiatu chake. Marehemu alifurahi kupita kiasi. "Nimetengeneza vitanda elfu," alisema, "hakuna aliyewahi kupiga picha kitanda changu."

Furaha hiyo ilikatika Mei 2010. Aligonga mguu wa kushoto wa Mjomba kwa nyundo, ukalia kama pipa lililojaa. Miguu ile ni mabomba yenye uwazi ndani, naye kwa haraka ya uzinduzi hakutoboa matundu ya kutolea maji kwenye vifundo. Aliyatoboa siku hiyohiyo. Maji yalitoka mekundu, na vipande vya kutu. Chuma kilikuwa kinaliwa kwa ndani.

Alikwenda ofisi ya jiji. Ofisa alimpa kiti, akacheka: "Mzee, Mjomba anapendwa. Tutampaka rangi." Wakampaka kijani. Marehemu hakurudi tena. Aliogopa kuandika barua, kwa sababu barua ingemtaja yeye. Upepo ukivuma aliacha chakula mezani, akaenda njia panda kuwafukuza watu kwa ukali, hata mkasema uzee umemkorofisha. Haukuwa uzee. Alikuwa na hofu, na mke wake alimsikia akiomba upepo ulale.

Alianza kuugua mapafu Januari 2019, akalazwa mara tatu. Mara ya mwisho alimwita binti yake mkubwa, anayewasomea haya.

"Yaandike kwenye wasifu wangu, mwanangu. Siku hiyo hakuna atakayenikatiza."

"Baba, watakulaani."

"Wanilaani wakiwa hai."

Alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2019, saa tatu asubuhi.

Binti huyo anasoma akijua kwamba ofisa yule wa jiji ameketi safu ya pili, na wengi wenu mtashukia njia panda jioni hii. Tafadhali, shukeni mbali.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na mshona viatu anayefanyia kazi kati ya miguu ile. Jana tulimweleza yote. Alicheka, akasema Mjomba hawezi kumwangukia mtu wake. Saa hii amekaa palepale.

Fundi na apumzike kwa amani. Sisi tusipumzike mpaka Mjomba ashushwe.